Mayai Sita, Shropshire

Ijumaa nilitoka zamu ya usiku, viatu vinanuka dawa ya sakafu,
na Bi Olwen wa kitanda cha nne bado anauliza
kama kuku wamefungiwa.
Wamefungiwa, nikamjibu, kama ninavyomjibu kila usiku,
nami sijui kuku gani, wala banda liko wapi.
Nikamwamsha Idrisa: vaa soksi mbili mbili.
Tunaenda wapi?
Tunaenda tu.

Wolverhampton ikarudi nyuma pamoja na maghala yake.
Tulishuka Church Stretton. Hakuna aliyekagua tikiti.
Palikuwa na saa, chungu cha maua, na upepo.

Halafu mshale wa manjano juu ya nguzo,
mdogo kama kidole cha mtoto:
pita hapa, katikati ya shamba la mtu,
katikati ya kondoo wa mtu,
sheria inautambua mguu wako.
Nikasita.
Miaka kumi na mmoja nimejifunza kubisha hodi,
kusubiri, kutoa karatasi kabla sijaulizwa;
sikujua kuna njia iliyokwisha kukubali.
Idrisa alishavuka uzio, matope hadi magotini.
"Mama, mbona umesimama kama uko uhamiaji?"

Kondoo walikuwa na namba za buluu ubavuni,
nami nilisahau kuvua kitambulisho cha kazi.
Tukatazamana.

Mvua ya huko hainyeshi, inakaa hewani
kama mgeni asiyeaga.
Tuliketi mgongoni mwa kilima, chapati za jana,
chai ya tangawizi kwenye chupa,
na ndege mwenye mdomo uliopinda
kama sindano ya kushonea magunia
akapita akilia, lii, lii, kuelekea bondeni.
Anaitwaje kwa Kiswahili?
Hana jina, mwanangu, kwetu sijamwona.
Basi mpe.
Nikafikiri mpaka chai ikapoa.
Shonagunia, nikasema.
Akalijaribu mdomoni, akalikubali.

Kwenye lango la kijani, sanduku la mbao,
mayai sita, nyasi zimeganda kwenye maganda,
na kopo lenye mwanya: pauni moja na nusu.
Hakuna muuzaji. Nilitafuta kamera
juu ya mti, chini ya paa, nyuma ya pipa.
Hakuna.
Nina kadi tu, na kopo halijui kadi.
Nikaandika nyuma ya ratiba yangu ya zamu:
Ninadaiwa. Kesho asubuhi. Mama yake Idrisa.
Nikakunja, nikatumbukiza, moyo unanidunda
kama nimeiba, ilhali nimekopa tu.

Usiku, katika kibanda cha magurudumu tulichokodi,
kiini kilikuwa cha rangi ya binzari.
Idrisa alikula manne.

Jirani yetu Glenys, mwenye mbwa kiziwi,
alinikopesha sarafu asubuhi. Deni la kulipia deni.
Alicheka mpaka akakohoa.
Tukarudi langoni, ukungu umelala juu ya majani,
na pale sandukuni karatasi yangu imejibiwa kwa penseli:
Hakuna haraka. Yale ya kahawia ni ya Doris.
Preece.

Doris nani?
Ni kuku, Mama! Ni kuku!
Idrisa alicheka hadi stesheni,
akacheka ndani ya treni, akalala akicheka,
tope limemkauka shingoni.
Sikumfuta.

Jumatatu, saa nane za usiku,
taa ya ukumbini inavuma, mop imeegemea ukuta.
Bi Olwen akafungua jicho moja.
Kuku wamefungiwa?
Nikavuta kiti. Sijawahi kuvuta kiti.
Nimewaona, nikamwambia. Wamelala wote.
Doris ndiye anayetaga ya kahawia.

Akanitazama kwa muda mrefu.
Na lango? akauliza.

Lango sikulikumbuka.