Nafasi ya Maelezo Mengine

Karatasi ina visanduku kumi na kimoja,
na kalamu ya wodi, iliyofungwa uzi mezani,
haifiki kisanduku cha mwisho.

Uhusiano wako na mgonjwa?
Shangazi. Ingawa niliachiwa akiwa na meno mawili,
akaniita mama hadi siku walipomkanya.

Amewahi kujaribu kabla ya hapa?
Naweka alama ya vema.
Vema! Lugha nayo ina utani wake.
Mara ngapi? Wanataka tarakimu.
Naandika mbili. Sihesabu usiku ule wa Maweni
alipoketi bafuni bila taa
na mimi nje ya mlango, nikimhadithia bei ya nyanya
mpaka alfajiri, kwa kuwa sikujua maneno mengine.

Hutenda bila kufikiri?
Aliacha kazi ya hoteli kwa sababu mpishi alicheka.
Alinunua kuku kumi na wawili Jumanne,
Alhamisi akawagawa wote.
Hasira yake ni moto wa makuti:
haudumu, lakini hauachi paa.

Ameachwa na mtu karibuni?
Kazungu hakumwacha. Kazungu aliishiwa na chaji, Kilifi,
saa mbili tu.
Kwa Nyevu, simu isiyopokewa
ni mlango uliopigiliwa misumari.

Aliumizwa utotoni?

Hapa kalamu inasimama.
Kwenye ukoo wetu jambo hilo huitwa "yale".
Yale yalikwisha, wakasema, wakanywa chai.
Hayakwisha. Yalihamia ndani yake,
yakapanga chumba, hayalipi kodi, hayalali.
Naweka vema. Mkono ni wangu, si wa ukoo.

Majirani wa Barani wanasema anatafuta kutazamwa.
Basi si atazamwe?
Mwenye kiu akiomba maji
nani humwita mwongo?

Muuguzi Jumwa anashusha miwani.
"Kesho anatoka. Msishangilie mapema.
Wiki za kwanza nyumbani ndizo zenye utelezi.
Vidonge vikae kwako. Pombe isiingie.
Na muulizeni waziwazi, kwa jina lake hasa,
kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandi mtu wazo.
Akisema ndiyo, mleteni, hata usiku wa manane."

Benchini nje Nyevu anakula mabuyu,
vidole vyekundu, anamcheka paka wa hospitali,
na dakika hiyohiyo analia,
na vyote viwili ni kweli.

Kisanduku cha mwisho: *Maelezo mengine.*
Mstari mmoja.
Navuta kalamu mpaka uzi unakatika.
Naandika: *Ana mtu wa kumwamsha. Mtu huyo ni mimi.
Nikilala fofofo, apige bati.*

"Kalamu ni ya serikali," anasema Jumwa.
Namrudishia.

"Shangazi, umeniandika vizuri?"
Nimekuandika, mwanangu.
Nafasi ndiyo iliyokuwa ndogo.