Robo Mbili

Alhamisi, saa mbili usiku, Kutaisi.
Mvua inalipiga bati la maabara
na hita moja inagawiwa miguu ya watu tisa.
Zoezi la nne: andika klasi, iite Sehemu.
Ndani yake namba mbili tu, kiasi juu, asili chini,
na mlangoni bawabu:
asili ikiwa sifuri, usipite.

Mzia Kobalia ana miaka hamsini na saba.
Alishona viti vya malori hadi kiwanda kikafa,
na bado anagusa vitufe kama ajaribuye pasi,
kidole kimoja, upesi, kisiungue.

Kujumlisha alikuweza mapema. Kuzidisha, maji ya kunywa.
Kisha akaunda robo mbili. Akaunda nusu.
Akaiuliza mashine: hizi ni sawa?
Si kweli, ikajibu.

"Mwalimu, imekosea."
Haijakosea, nikamwambia. Hujaifundisha usawa.
Yenyewe hutazama anwani tu:
huyu anakaa huku, yule anakaa kule,
basi ni wawili, yamekwisha.

Akanyamaza. Hita ikakohoa.
"Baba alituachia mizabibu, mimi na Tsiala.
Yeye nusu, kipande kimoja, kando ya barabara.
Mimi robo mbili: moja kilimani,
moja ng'ambo ya kijito.
Miaka kumi na mmoja hatusemezani.
Na aliyesema si sawa
ni mimi."

Akainama akaandika, akifuta, akiandika:
kiasi changu mara asili yako,
kiasi chako mara asili yangu.
Mstari mmoja. Nne kwa nne.
Kweli, ikasema mashine,
kavu, kama karani wa ardhi.

Alilitazama neno lile hadi skrini ikajizima.
"Lakini kilimani hakuna maji," akasema.
"Hilo halimo kwenye klasi."
Halimo, nikakubali.

Akavaa koti, akasahau mwavuli.
Nikabaki nasahihisha. Kazi yake ina kosa:
ukiweka hasi kwenye asili, alama inakaa chini,
haipandi juu inakopaswa kukaa.
Sikuligusa. Ni lake, la Jumanne.

Na chini kabisa ya faili,
nyuma ya ile alama inayoiambia mashine
ruka, haya hayakuhusu,
namba ya simu,
tarakimu tisa, bila jina.