Kikombe cha Nani

Kipimo cha tatu, na bado si malaria.
Si taifodi. Daktari wa Kitete
alinibonyeza shingo kama mnunuzi wa nyanya:
homa ya tezi, akasema, ugonjwa wa vijana.
Dawa yake maji, na kulala.

Basi nalala. Wiki ya pili hii, Ipuli,
chumba kimoja na marobota ya tumbaku ya mjomba.
Kumeza mate ni kumeza miba.
Honi ya treni ya Mpanda hunikuta macho.
Bandama limevimba; mpira nimekatazwa,
hata kubeba ndoo.

Mama ameleta uji wa asali, akakaa kitandani.
"Ulinywea kikombe cha nani?"
Bwenini vikombe vichache, nikamjibu.
Kweli, ni vichache.
Sikumtajia tangi la maji nyuma ya maabara,
Kalunde, chupa moja kwa zamu,
halafu chupa tukaisahau.

Daktari aliongeza, akiandika bila kunitazama:
utapona, ila kirusi hakitoki,
kitalala humo mwilini mpaka uzeeni.

Mama aliguna.
Mimi niligeukia ukutani nisionekane uso.

Kalunde, nasikia, juzi kashinda mita mia nane.
Hata mafua hakuugua.