Sinia la Tangazo

Tangu saa saba mchana nimepiga magoti
mbele ya sinia la kampuni ya mchele,
kibano mkononi kama mtoa mwiba,
napanga zabibu.
Moja imelala kifudifudi. Naigeuza.

Ni kumi na tisa Ramadhani, hapa Mabela.
Nje lami inatoka jasho,
ndani nimeteremsha mapazia yote
ila la dirisha la kaskazini,
maana jua la Oman halijui hodi:
likiingia, kila cheupe hulipuka.

Azzan wa kampuni anataka Idi.
"Idi yenyewe," kaniandikia, "ya nyumbani."
Basi nimemtengenezea Idi.
Paja la mbuzi limekaa ovenini dakika arobaini tu,
lisije likanywea;
ndani bichi, nje nimelipaka mchuzi wa soya
kwa brashi niliyonunua duka la rangi za kuta.
Shuwa hii haikulijua shimo.
Haikulala usiku kucha imefunikwa udongo
huku wanaume wakigombana nani kapanga mawe vibaya.

Mvuke wa wali ni pamba.
Naichovya maji, naichemsha,
naificha nyuma ya kilima cha zafarani,
kisha nahesabu: sita, saba, nane,
imekufa. Tena.
Jasho la ndimu ni gliserini.
Na halwa, Mungu anisamehe,
inang'aa kwa mafuta ya nywele.

Shaji ananishikia karatasi ya fedha.
Yeye hafungi, kwao Kerala ni watu wa kanisa,
lakini maji huenda kuyanywa nyuma ya gari,
na akirudi hufuta mdomo mara mbili.

Mama katoka jikoni, kasimama mlangoni.
"Haya nani atakula?"
"Hayaliwi, mama."
"Hayaliwi?"
"Yanatazamwa."
Akanyamaza ile namna yake
inayosikika mpaka uani.
Halafu: "Chema chajiuza."
Sikumjibu. Mimi nalipwa
kwa ile nusu ya pili ya methali.

Picha ya mia na arobaini na mbili:
mkono wake umeingia.
Ndimu ilikuwa mbali, upande usio na mtu,
naye kaisogeza ukingoni
kama kwamba mgeni kakaa pale kweli,
kanyoosha mkono, haifikii, anaona haya kuomba.
Kwenye kifundo, ile alama ya moto
ya halwa ya harusi ya Thuraya.
Kamera haikungoja. Kachi.

"Mama!"
"Nini? Si nimeiweka vizuri."

Adhana ikatukuta hivyo,
watu watatu na sinia la watu kumi
na hakuna cha kutia kinywani.
Tukafuturu kwa zile khalasi zilizopasuka
nilizozitupa kando asubuhi kwa sababu ya sura zao.
Kisha mama akaleta sufuria ya majaribio,
ile niliyoipungukia maji nikaisahau motoni,
akaanza kukwangua.
Ukoko, jamani.
Wa rangi ya kahawa, una chumvi, una samli,
unalia menoni.
Shaji akavuta mkeka, akakaa.
Hakuna aliyeweka taa mahali pake.
Hakuna aliyegeuza kitu.

Usiku, baada ya tarawehe, simu imewaka.
"Ile ya 142 nzuri mno," Azzan anasema.
"Mkono tu, uondoe."

Nimeuondoa.
Nimeazima wali wa pembe ya kushoto
nikaupanda palipokuwa na vidole,
punje kwa punje, mpaka saa nane,
na alama ya moto sasa ni zabibu.

Ndimu sikuirudisha.