Mpaka wa Doa

Waliniita Limi, jua kwa Kisukuma,
mimi niliyezaliwa na ngozi isiyolivumilia.
Bibi hakukusudia mzaha. Nilizaliwa adhuhuri, basi.

Miaka thelathini naanika dagaa Igombe
chini ya kofia pana kama ungo,
na wajina wangu huko juu ananidai kidogo kidogo.
Sasa anadai sikio.

Mara ya kwanza daktari alikata, akapeleka maabara.
Wiki mbili. Akaniita: pembeni bado ipo.
Akakata tena. Bado ipo.
Doa halina ukingo wa kuonekana kwa jicho,
kama mafuta ya taa yaliyodondokea kitenge.

Leo Shigela, mtoto wa kaka, kaja na kigae cheusi
ndani ya kiboksi cha hereni.
"Shangazi, usipulize. Humo mna msitu."
Nikatazama. Niliona masizi.
Ni nyaya, anasema, zimeoteshwa kwa mvuke,
wima kama matete,
na unywele wangu mmoja ukilazwa kando yake
ni gogo la mvule.

Zikipigwa mwanga, mpigo mfupi hata kope ni mvivu,
umeme ndani yake hushtuka
na kutoa wimbi la katikati:
redio hailifikii, joto halijalipata.
Halichomi. Halipenyi hadi mfupani.
Lina adui mmoja tu, maji. Maji hulinywa.

"Ziwa lote hili?" nikauliza.
Akacheka. "Hata glasi, shangazi. Hata mate."
Kumbe wametuletea Mwanza
taa isiyoweza kuvuka tone!

Ila siri ndiyo hiyo.
Nyama iliyoharibika hushika maji kuliko nzima,
na pale wimbi linaporudi limepunguka,
pale ndipo penye mpaka.

Feni haizunguki. Nje jenereta inakohoa.
Nimelaza shavu. Sikuhisi kitu, hata mwasho.
Kwenye kioo likatokea sikio langu, la bluu,
na ndani yake kisiwa chekundu
chenye rasi na ghuba, kama Ukerewe
kwenye ramani ya shule ya msingi.

"Bado ni jaribio," anasema daktari.
"Tutakata, na maabara tutapeleka vilevile."
Peleka. Kusubiri nimekuzoea.
Ila nimeona kinapoishia,
ufuko mwembamba, kisha mimi tena.

Nifungeni kitambaa upesi.
Saa nane dagaa hugeuzwa.