Reli Haikuhama

Kisanduku namba mia nne na kumi na saba, mwaka wa themanini na tisa.
Nta imegeuka rangi ya jino la mvutaji.
Ndani yake kipande cha ubongo, kidogo kuliko kunde,
kimenyamaza tangu nilipokuwa na nywele.

Mimi ni mkataji. Sisomi, nakata.
Mikroni nne, wembe baridi, pumzi nimeibana,
utando unaelea juu ya maji vuguvugu,
naunasa kwa kioo kama mtu anayeokota kivuli chake.
Kisha rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa vingine vyote.
Wanaosoma ni wengine.

Wakati ule alisoma Dakta Bodrogi,
sigara sikioni, theluji ikigonga dirisha la Szeged.
Akaona seli za mviringo, kila moja na duara lake jeupe.
Mayai ya kukaanga, akasema, na kweli alikuwa na njaa.
Akaona pia zenye mikono, zimechanua kama nyota.
Hakutaka kudhulumu upande wowote;
akaziandikia cheti kimoja, majina mawili yakafungishwa ndoa:
oligoastrositoma, daraja la pili.

(Lile duara jeupe, niseme, si la seli.
Formalini ndiyo hulitengeneza, baada ya kisu.
Kata tishu mbichi, hulioni.
Miaka nenda miaka rudi tumeutambua ukweli
kwa uongo mmoja mwaminifu.)

Mwenye ubongo hakufa.
Alipewa miaka mitano, akaitumia, akarudi kuchukua mingine.
Jumanne hii kaja mwenyewe, hadi huku chini kwetu,
Vilma Szabados, dereva wa tramu mstaafu,
koti la kijani, chupa ya jamu ya plamu
"kwa yeyote aliyenitunza sandukuni."
Kifafa kimemrudia mara mbili tangu Pasaka.
Wapasuaji wanataka kujua wanapambana na nani.

Dakta Réka akamweleza polepole, kama anayetua karai la vyombo:
kamati ilikaa, mbali, ikaivunja ile ndoa;
siku hizi jicho peke yake halitoshi,
tunaviuliza vinasaba, navyo vimejibu.
Kromosomu ya kwanza imepoteza mkono mfupi,
ya kumi na tisa mkono mrefu,
yote miwili kwa pamoja.
Basi ni oligodendroglioma. Tangu mwanzo.
"Na zile nyota?"
"Majirani, Bibi. Walikuja kushangaa moto."

Vilma akacheka, kisha akaacha.
"Kálmán alilikariri jina lile wiki nzima,
bafuni, bomba limefunguliwa nisisikie,
asije akaliboronga mbele ya madaktari.
Amekwenda nalo kaburini."
Akaipangusa miwani, miwani haikuwa chafu.
"Njia yangu waliibadilisha namba mara mbili nikiwa kazini.
Abiria walinitukana asubuhi nzima.
Reli haikuhama."

Akaomba kuona.
Nikamsogezea kiti, nikamshushia hadubini.
Alikaa pale muda wa vituo vitatu hivi.
Sijui aliona nini; wagonjwa huona wanachokiona.
"Zimejaa," alisema. "Na kila moja imekaa mahali pake,
kama watu waliolipa nauli."

Dakta Réka aliandika ripoti, jina jipya, namba ya daraja, tarehe.
Upasuaji ni Alhamisi.
Mlangoni Vilma alinigeukia mimi, si daktari:
"Lile la zamani liwekeni pembeni mahali.
Kálmán akija kuniulizia, asipotee."

Sheria hainiruhusu kuandika jina la ugonjwa.
Lakini ninayo penseli, ya kutia namba kwenye ukingo wa kioo.
Wino huyeyuka kwenye spiriti.
Penseli haiyeyuki.