Mstari Usio na Mwenyewe

Kilufya amekuja Kasapa na ndoo ya rangi,
fuko kumi na watatu ndani, udongo mwekundu mgongoni,
meno nje hata midomo ikiwa imefumbwa.
Shimo moja, anasema, nyuma ya kichuguu,
barabara ya Kipushi. Alitaka elfu kumi.
Tukapatana saba na mche wa sabuni.

Mama yao nimempaka rangi ya kucha kichwani.
Humo ni yeye tu azaaye.
Mabinti wazima wanachimba, wanabeba mizizi,
wanalala wamerundikana na kaka zao,
na hakuna askari mlangoni.
Wanajuana kwa harufu;
harufu ya ndugu haiwashi kitu.
Mama akifa nyumba hukaa hivyo, mwaka, miaka,
wakila, wakizeeka,
mpaka mgeni apasue ukuta.

Nilikata ngozi, kipande kidogo kuliko punje ya ulezi.
Umeme ukakatika mara mbili.
Mara ya tatu, saa nane usiku, mistari ikawaka:
kila mtoto na wa mama, na wa baba.
Nikahesabu kama karani wa mishahara.
Tisa sawa.
Wawili wa mwisho wana mstari
ambao hakuna mwenyewe ndani ya ndoo.

"Kilufya, hamkuwa na mwingine?"
Akakuna shingo.
"Alikuwapo. Dume, meno ya njano, kovu ubavuni.
Huyo tulimla Jumapili na bukari."

Nilicheka peke yangu maabara nzima,
kisha kicheko kikanikalia vibaya.
Alitoka shimo gani, mvua za Februari,
udongo ukiwa laini, giza chini ya giza,
asijue mbele kuna mke au mwamba?

Babu yangu alitoka Luapula kwa miguu
akashuka chini ya Kipushi,
akapanda na kikohozi,
akaoa binti wa Kiluba wa kambini
ambaye hakuijua hata salamu ya kwao.
Usiku mmoja nilifunga mlango
nikajiweka mwenyewe kwenye mashine.
Mistari yangu imeachana
kama vituo vya reli.

Shamba lile limeuzwa.
Msingi wa ukuta umeshuka chini kuliko mkono wangu;
fuko huchimba shibiri tatu, nne.
Nimewarudisha wote, mama na utosi wake mwekundu,
wakazama bila kugeuka.
Watazaa. Watanenepa.
Baada ya miaka nitarudi na kisu changu,
na nahofia mistari itakuwa imesogeleana
kama watu wanaoota moto mmoja.

Nikamwambia Kilufya: ukimpata dume peke yake,
usimle.
Mvushe ukuta, mwachie kwenye udongo laini.

Akafikiri kidogo.
"Kwa bei gani?"